Ngoma Iliyopasuka Kishapu

Mimi nina mdomo, sikatai. Nimezaliwa Kishapu, nimeolewa Geita, nauza mchele mtaa wa Kalangalala miaka nenda rudi, na kote huko hakuna aliyewahi kulalamika kwamba nimenyamaza mno. Kwa hiyo kikundi chetu cha akina mama wa mtaa kilipotafuta kiongozi, hakikutafuta mbali.

Ni kikundi cha kuzikana, kuuguzana na kufurahi pamoja. Wasukuma tumo, Wahaya wamo, Wazinza, Wachaga, na mmoja katoka Kigoma. Geita ndivyo ilivyo, kila mtu kaletwa na dhahabu, yake au ya mumewe, hata kama hajawahi kuishika. Kila mwaka mavuno yakishaingia ndani na pamba ikishatoka shambani, tunakodi kosta tunakwenda kijijini kwetu Kishapu kucheza ngoma. Wazo lilikuwa langu. Nilitaka kijiji kione kwamba sikupotea.

Kwetu ngoma hushindanishwa hivi. Vikundi viwili vinasimama ncha mbili za uwanja mmoja na kucheza wakati uleule. Jaji hakuna. Watu wanakwenda wanakovutiwa, wanahama, wanarudi, na mwisho wa mchezo anayezungukwa na wengi ndiye mshindi. Ni hukumu ngumu, maana unayaona kwa macho yako mwenyewe migongo ya watu wanaokukimbia.

Tulishindwa miaka miwili mfululizo. Mwaka wa kwanza waliobaki upande wetu walikuwa mbuzi wawili na dereva wetu, na dereva alikuwa amesinzia. Mwaka wa pili hata dereva alihamia kule.

Kule ni kwa dada yangu, tumbo moja, yeye wa kwanza mimi wa tatu. Anaongoza kikundi cha kijiji na ana miguu ambayo Mungu aliitengeneza akiwa hana haraka. Mama yetu huchukua kigoda chake akakaa upande wa dada, kila mwaka, palepale, wala hageuzi shingo. Nilishamuuliza kwa nini. Akanijibu, “Mwanangu, mimi nafuata ngoma, sifuati watoto.”

Baada ya kushindwa mara ya pili, mwenyekiti wa kijiji alituita kwa adabu zote. Akasema kijiji jirani nacho kinaomba nafasi. Mwaka ujao tukishindwa tena, upande wetu wa uwanja watapewa wao, na sisi tutakaribishwa kama wageni, tule, tupige makofi. Dada alikuwa amesimama pembeni anajifuta jasho. “Wanasema mcheza kwao hutunzwa,” akasema. “Sasa nyinyi wenzetu, kwenu ni wapi?”

Wengine walicheka, ni utani tu. Mimi nilizaliwa hatua chache kutoka uwanja ule. Nililia ndani ya kosta mpaka Shinyanga mjini, nikawaambia wenzangu ni vumbi.

Mwaka wa tatu basi niliwakamua. Jumapili zote mchana, nyuma ya nyumba yangu, tulijifunza hatua za nyumbani, njuga miguuni, bega, kisigino, bega. Wote walishika isipokuwa mwenzetu wa Kigoma. Ni mama mpole, anauza dagaa, ana mikono mipana kuliko ya mume wangu. Mguu wake ulikuwa unafika baada ya ngoma kuondoka. Nilimrekebisha, nikamkaripia, mwisho nikamwambia mbele ya watu kwamba safari hii atapika.

“Sawa dada,” alisema. “Mimi mapigo nayasikia mikononi. Yakifika miguuni yamekwisha chelewa.”

Sikumsikiliza. Siku ya safari nilimkalisha kiti cha nyuma kabisa, katikati ya masufuria na lile karai lake kubwa la chuma, mimi nikakaa mbele na ngoma yetu mapajani. Ilikuwa ngoma mpya, ngozi ya ng'ombe, nimeichagua mwenyewe.

Kijijini tulipokewa vizuri, lazima niseme ukweli. Mwangaluka huku, shikamoo kule, togwa kwenye vibuyu, michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kwa maharage. Tulikuwa tumeshona sare za kitenge cha kijani. Mama alinishika kitambaa, akakisugua kwa vidole, akasema kizuri. Kisha akabeba kigoda chake akaenda upande wa dada.

Sasa, ngoma kabla ya kupigwa hukazwa kwa moto. Kila mtoto wa Kishapu anajua: unawasha majani makavu, yanawaka mara moja, unaipitisha ngozi juu juu, basi. Lakini majani yana moshi, na mimi nilikuwa na kitenge kipya. Nikaona jiko la mkaa limekaa pale pale linaivisha maharage yetu. Nikatoa sufuria, nikaiweka ngoma. Akatokea shangazi yangu, nikageuka kumsalimia, tukaulizana habari za watoto mmoja mmoja. Ana wajukuu wengi yule.

Ikalia paa. Ngozi ilikuwa imepasuka kutoka ukingo hadi ukingo.

Uwanja mzima ulisikia. Dada akaja kutazama, akaiinua ile ngozi kwa vidole viwili. “Ndugu yangu,” akasema, “mjini ngoma mnaichoma kama mishikaki?” Halafu akarudi kwake, na mara ngoma zake zikaanza. Ngoma tatu. Watu wakaanza kumiminika kule, na mimi nimesimama na kitenge changu kisicho na harufu ya moshi.

Nataka niseme wazi nilivyojisikia. Nilijichukia. Wanawake wale walikuwa wameacha biashara zao kunifuata, Mhaya anajifunza hatua za Kisukuma kwa sababu ya fahari yangu mimi, na upande wetu wa uwanja nilikuwa nimeuchoma kwa mkono wangu. Mwenyekiti aliniangalia kwa huruma. Huruma ya mtu inauma kuliko tusi lake.

Nikaenda jikoni. Mwenzetu wa Kigoma alikuwa amechutama anarudisha maharage motoni. Nikamwambia, “Dada, nimeharibu. Ulisema mapigo yako mikononi. Nisaidie.”

Angeweza kunijibu, na alikuwa na haki. Alimwaga maji ya karai, akalifudikiza chini, akaokota mawe mawili. Akaanza kugonga.

Kabla ya dagaa, mama yule aliponda mawe ya dhahabu kwenye machimbo miaka mingi. Hilo nilikuwa nalijua kama unavyojua mambo ya jirani, bila kulifikiria. Akina mama wanakaa mstari mmoja, kila mmoja na nyundo yake, na wanaimba ili mapigo yaende sawa, kwa sababu ukikosea pigo unaponda kidole. Kidole chake kimoja hakina kucha. Ni yeye niliyemwambia hajui mapigo.

Karai lilitoa sauti kali, kavu, ikapita katikati ya ngoma za dada kama jirani anayekuja na habari. Kisha akaimba. Wimbo wa kuponda una maneno machache: jiwe, pasuka, mtoto ale. Mzinza wetu naye alishaponda, akaitikia, akachukua mfuniko wa sufuria. Mwingine akachukua sinia. Nikasikia nyuma yangu njuga za wote zimeshika, na hakuna aliyekuwa anacheza hatua nilizofundisha. Walikuwa wanaponda. Walikuwa wanainama, wanapepeta, wanaosha mchanga kwenye makarai yasiyokuwepo, wanatazama ndani, hakuna kitu, wanamwaga, wanaanza tena. Kila wakimwaga na kukunja uso, watu wanacheka, kwa sababu nani hana shemeji aliyekwenda machimboni akarudi mikono mitupu?

Wa kwanza kuja walikuwa watoto. Kisha shangazi na wajukuu zake. Kisha wanaume wakaja wanasukuma baiskeli, na kijana mmoja wa bodaboda akapanda juu ya siti yake ili aone. Nilikuwa nimeshajitosa katikati, kitenge vumbi tupu, nimeshika mwiko. Nikatazama ng'ambo nikaona migongo ya watu haipo tena, ni nyuso, zinakuja. Jamani, raha ile siwezi kuisimulia vizuri. Hata wapiga ngoma wa dada walikuwa wananyoosha shingo.

Ndipo nikamwona mama. Alikuwa anavuka uwanja, kigoda begani, polepole, peke yake, na watu wanampisha. Akakiweka mbele yetu. Hakukaa. Akafungua kanga yake ya juu, akaikunjua, maana kwetu mchezaji aliyekukosha unamfunga kanga kiunoni, ndiko kumtunza. Miaka yote ile nilikuwa naisubiri. Nikainua mikono kidogo ili asipate shida kunifunga.

Akanipita. Akamwinamia mwenzetu wa Kigoma, akamfunga kanga pale pale alipochutama na karai lake, akakaza fundo mara mbili. Yule mama hakuacha kugonga, ila alikuwa anacheka na machozi yanamshuka.

Hakuna aliyehitaji kuhesabu. Kwa desturi walioshindwa huwanawisha washindi kabla ya kula, na dada akaja na birika, akaanzia kwangu. “Nawa, mtu wa mjini,” akasema, na akanimwagia maji mengi kupita kiasi makusudi. Mwenyekiti akasema upande wetu wa uwanja unabaki wetu, na kijiji jirani kitatafutiwa siku yake. Nikamwomba arudie, akarudia.

Nikamfuata mama. Nilikuwa nimeshinda, nina furaha mpaka masikio yanavuma, lakini moyo una tabia zake. Nikamuuliza, “Mayu, na mimi je? Mimi mtoto wako?”

Aliendelea kumenya kiazi chake. “Wewe una kanga zangu tano huko Geita,” akasema. “Hujarudisha hata moja. Kwani kati yako na yule, nani alikuwa anahitaji kuambiwa kwao ni hapa?”

Wakati wa kurudi, mwenzetu wa Kigoma alikaa kiti cha mbele na kanga yake kiunoni. Mimi nilikaa nyuma na masufuria, na karai nikaligonga mpaka Kahama.