Niliwaambia Mimi Pia Nilifungwa Kamba

Mhariri, jina langu lifiche kwa ajili ya watoto, lakini maneno yangu usiyapunguze makali.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, Mkuria wa upande wa Kehancha, nimeolewa na Mjaluo wa karibu na Rodi Kopany. Nyumbani tunaongea Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokutana nacho, yeye akiwa karani wa tumbaku kwetu, mimi nikifundisha darasa la kwanza. Tuna watoto wawili, msichana, Achieng, na mvulana.

Nilipojifungua huyu wa pili, akili yangu iliondoka. Nilisikia watu wakiongea ndani ya ukuta, wakinitaja kwa jina, wakiniambia mtoto si wangu, amebadilishwa. Sikulala. Nilikimbia nje bila nguo. Kaka zangu wakanifunga kamba mikono na miguu, wakanilaza bandani pamoja na ndama, na mama yangu akawa ananinywesha uji huku akilia. Mwishowe mume wangu alinipeleka Nairobi, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Kwa hilo namshukuru mpaka leo. Nilikaa huko miezi mingi, nikapata nafuu, nikarudi. Siku nyingine sauti zile huja tena kwa mbali. Nameza dawa, nangoja zipite, halafu nainuka kupika.

Kabla hatujahamia kwao, mume wangu aliniambia, "Mama Achieng, huku kwetu wanajua ulikuwa unaugua kifua. Na iwe hivyo." Nikakubali. Mama mkwe, kwa wema wake, akawa ananichemshia mizizi ya kutibu kifua, nami nikawa naimeza, chungu kama nyongo, kwa ugonjwa nisiokuwa nao.

Mwaka jana Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao aliuza vitu vyake pale Homa Bay. Watu walikimbilia vitanda na sufuria. Mimi nilikwenda kutafuta taa. Karibu na sahani palikuwa na vitabu ambavyo hakuna aliyevitaka. Nikakifungua kimoja katikati, nikasoma kwa Kiingereza changu cha chuo cha ualimu. Mwanamke wa nchi ya mbali alikuwa anaeleza jinsi ukuta ulivyomwita kwa jina lake.

Nilikaa chini kwenye nyasi nikasoma, na taa wakaichukua wengine, mimi nikarudi nyumbani na kitabu kile.

Mama yule hakuandika ili aonewe huruma. Alisema aliugua, akapona, akaolewa, akalea, akaugua tena, akapona tena, na katikati ya hayo yote aliishi. Jina lake kamili liko kwenye jalada, herufi kubwa. Mtu anaweza kudhani nililia. Ni kweli, nililia, lakini zaidi nilikasirika. Yeye kaiambia dunia nzima, na mimi bado nakunywa mizizi ya kifua!

Msimu wa mavuno uliopita, mke wa shemeji yangu alijifungua. Nitamwita Atieno. Haikupita muda, akaanza kuongea na watu wasioonekana. Wengine walisema ni chira, laana ya aliyevunja mwiko. Wakamfunga kamba.

Nilipopata habari nilikuwa namenya mihogo. Nikaenda na kisu changu mkononi, mchana kweupe, wanawake wa boma wamejaa mlangoni.

"Unataka kufanya nini?" mama mkwe akauliza.

"Namfungua."

"Atakuuma! Huyo ni janeko!"

Janeko ni mwendawazimu kwa Kijaluo. Nilipolisikia neno lile, mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Mama, hata mimi nilikuwa janeko. Sikuugua kifua. Nilifungwa kamba kama hii, na alama zake ni hizi." Nikavuta mkono wa gauni mpaka juu.

Mwanamke mmoja alimwinua mtoto wake aliyekuwa karibu na miguu yangu, akaenda naye. Nilikata kamba. Atieno hakuniuma. Aliniuliza polepole, "Nawe uliwasikia?"

"Niliwasikia."

"Wanaacha?"

"Wanapungua. Na wakirudi utakuwa umeshawajua."

Kesho yake mimi na shemeji tulimpeleka hospitali. Sasa yuko nyumbani, anamnyonyesha mwanawe, na mchana huja kwangu nikamtafsiria kile kitabu, ukurasa baada ya ukurasa. Mahali pengine hucheka, akasema, "Huyu mama ananijua!"

Lakini mume wangu aliporudi kutoka kazini alinifokea. "Umenivua nguo mbele ya watu wetu. Achieng atakua. Nani atakuja kuposa kwenye nyumba ya wazimu?" Watoto wamehamishiwa kwa bibi yao na wamekatazwa kula chakula cha mkono wangu. Anataka nisimame kanisani niseme nilidanganya ili kumtuliza mgonjwa. Amenipa mpaka Krismasi. Nikikataa, nirudi kwa baba yangu, peke yangu.

Nilimjibu, "Baba Achieng, ukitaka nitakuomba radhi kwa kukuaibisha. Lakini siwezi kumwambia Atieno kwamba nilimdanganya."

Simchukii. Ndiye aliyenibeba mpaka Nairobi wakati ndugu zangu walikuwa wameshakata tamaa. Ila alinibeba kama mgonjwa, na sasa nimesimama hataki kuniona.

Wasomaji, msiniandikie kwamba ninyamaze, wala kwamba mke mwema huficha. Nimeficha vya kutosha. Kanisani nitasimama, na nitakayoyasema ni yale yale niliyoyasema mlangoni. Ninachotaka shauri ni hiki: nikishayasema, nikae kwenye nyumba yangu nimngoje aje anitoe mwenyewe, au nitoke pale kanisani moja kwa moja na watoto wangu, mmoja kila mkono, niende nao Kehancha? Nielekezeni, nishike njia ipi?