Okidi za Mfyatua Matofali wa Pajulu

Jua ndiyo kwanza linachomoza Pajulu, nje kidogo ya Arua, na Jovia Asiku ana matope hadi magotini. Anafyatua matofali. Lakini kabla tanuri halijawashwa, analizunguka lundo la kuni gogo kwa gogo, kama mama anayemkagua mtoto chawa.

Anatafuta okidi. Mmea huu huota juu ya matawi ya miti mikubwa, na mti ukiangushwa, nao huja tanurini pamoja na gogo lake.

"Kuchoma kitu iko hai, mimi siwezi," anasema, akibandua kichaka kidogo chenye mizizi myeupe.

Hukipanda katika sufuria kuukuu iliyotobolewa, ndani ya vipande vya matofali yaliyovunjika na makaa ya tanuri. Okidi haitaki udongo mzito. Inataka mizizi ipumue.

Alipoolewa katika boma hili, mapenzi hayo yalimtia matatani. Mwanamke kuhangaika na mmea usioliwa? Majirani walinong'ona kwamba ni dawa ya kumfunga mume. Mama mkwe wake, Pasca, hakunong'ona. Aliuchukua mmea wa kwanza akamtupia mbuzi.

"Mimi nalisema huyu binti iko mvivu," Pasca anakiri, akicheka hadi kitambaa cha kichwa kinamteleza. "Wakati yetu, maua ilikuwa ya maboga tu."

Zama zimegeuka. Siku hizi vijana wa Arua hupamba vibaraza vyao kwa mimea, na picha za okidi za Jovia huzunguka simu kwa simu. Sifa hizo ndizo zilizoleta balaa.

Mwezi uliopita okidi kubwa kuliko zote, aliyoilea kwa miaka, ilichanua kwa mara ya kwanza: ya manjano, yenye madoa ya kahawia kama chui. Kesho yake bibi harusi mtarajiwa aitwaye Poni akashuka kwenye pikipiki, akitokea Koboko. Shada la plastiki, alisema, limepitwa na wakati.

"Anti, nikatie hii moja tu," alisihi.

Jovia alishika kisu. Mgeni hanyimwi, sembuse bibi harusi. "Kisu ilikuwa kwa shina tayari," anakumbuka. "Nilitaka kulia."

Ndipo Pasca alipoinuka mkekani. "Hapana kata! Hii maua imengoja kuliko wewe umengoja bwana. Kama unapenda hii maua, leta bwana yako hapa!"

Poni akaangua kicheko. Jumamosi msafara mzima wa harusi ukaja Pajulu, na maharusi wakapigwa picha kando ya tanuri, pindo la gauni jeupe likiwa limelowa matope. Wapambe walitaka kulinusa ua kwa karibu. Pasca aliwalinda kwa fimbo. Jovia anasema hajapata kufurahi namna ile.

Sasa ana mpango wa kufunga okidi, kwa kamba za migomba, kwenye kila mti uliosalia njiani kuelekea tanurini. "Watu ikuje, iangalie, isikate," anasema. "Mutu akipenda maua, atapanda na mti."

Pasca naye ana lake. "Siku nakufa, funga moja kwa mti ya kaburi yangu," amemwagiza mkaza mwanawe. "Lakini juu kabisa. Ile mbuzi imeacha watoto."