Dawa ya Kuku kwa Samaki wa Baba

Baba yangu ni dereva wa kreni bandarini. Ni mtu mkubwa, mikono kama koleo, na akiongea sebuleni, walioko barabarani wanamsikia. Lakini mkute ameinama mbele ya tangi la kioo, anamkodolea macho samaki asiyefika hata urefu wa kidole. Utadhani ni mtu mwingine.

Samaki wenyewe wanaitwa gapi. Tangi aliachiwa na mwenzake wa kazini aliyehamishwa, na mimi nikajua baada ya mwezi tutalifanya la kuwekea vitunguu. Wapi! Baba alianza kuchagua nani azae na nani. Alikuwa anatafuta mkia mwekundu mtupu, usio na doa hata moja. Watoto wakizaliwa anawaangalia, anasubiri wakue, anatenga wazuri, anaanza upya. Miaka miwili yote hiyo! Mimi hata wali ukichelewa kuiva nafunua sufuria kila saa.

Mwaka huu akawapata, wachache tu. Madume wakafa mapema. Akabaki jike mmoja wa ukoo ule, na tumbo lake limejaa watoto. Akifa huyo, kazi yote imekwisha.

Sasa hapa Mtwara kufuga samaki usiyemla ni kichekesho. Jirani yetu ni mama mmoja Mmakonde anayekaanga korosho, na sisi ni Wangoni, watu wa kuja. Tangu tuhamie aliamua mwenyewe kwamba sisi ni watani wake, basi hatupumziki.

"Mtani, hao mnawala lini?"

"Wakinona," Baba anamjibu.

"Basi wataliwa na wajukuu zangu. Sisi wenye meno tutakuwa tumeshazikwa."

Halafu balaa likaingia. Baba aliletewa gapi wapya kutoka Dar, na kwa furaha akawamimina tangini moja kwa moja bila kuwatenga kwanza. Baada ya wiki kadhaa samaki wakaanza kukonda migongo. Siku moja Baba aliniita kwa sauti ya chini, nikajua kuna jambo, maana yeye hana sauti ya chini. Akanionyesha yule jike. Akitulia, chini ya tumbo lake vilikuwa vinachungulia vijiuzi vyekundu, vyembamba kuliko uzi wa kushonea. Akitikisika, vinarudi ndani.

"Minyoo," Baba akasema.

Mama akaleta wazo la vidonge vile tulivyokuwa tunapewa shule ya msingi. Jirani akaja na mbegu za papai kwenye kiganja. "Zisage uwape. Wakifa nitwangie simu, mazishi ya watani ni kazi yangu."

Baba akamcheka, akatoka kwenda duka la dawa za mifugo. Alikuwa ameshasoma kwenye simu na kuwauliza wafugaji wenzake wa Dar: dawa moja ya minyoo ya kuku, ile ya unga ya kuchanganya kwenye maji, inafanya kazi kwa samaki pia. Muuzaji akamwambia wazi, "Mzee, kuku nawajua. Samaki ni juu yako." Baba akarudi nayo, akapiga simu tena kuuliza kipimo, akahesabu maji ya tangi lote.

Mimi nikamwambia, "Baba, mwaga yote tu, minyoo ife leo leo."

"Na samaki je?"

Nikaenda kumletea ndoo.

Niliwahi kumwona akiwa kazini. Chini anasimama mtu anayempa ishara kwa mikono, na Baba huko juu hamwondolei macho. Mkono ukishuka kidogo, mzigo unashuka kidogo. Ukikunjwa, kila kitu kinasimama. Basi siku ile ilikuwa hivyo hivyo, ila anayempa ishara alikuwa yule jike. Alikoroga dawa pembeni kwenye ndoo, akawa anatia kikombe kimoja, anasimama. Anamwangalia mapezi, anamwangalia anavyopumua. Anatia kingine. Mgongo wangu uliuma kwa kusimama tu, yeye hata hakujinyoosha.

Dawa ile haipendi mwanga, kwa hiyo akazima taa ya tangi na kulifunika kwa kitambaa cha kwanza alichokiona.

"Hicho ni kitenge changu cha kanisani!" Mama akapiga kelele.

"Mgonjwa amelala," Baba akasema. "Punguza sauti."

Yaani yeye ndiye wa kusema hivyo!

Kesho yake tulifunua. Minyoo ilikuwa chini kwenye mchanga, imelegea. Baba akanieleza kwamba dawa inaipoozesha tu, samaki mwenyewe ndiye anaisukuma nje, kwa hiyo tukiiacha pale wengine wataiokota waimeze. Akachukua mpira wa maji, akanyonya mpaka yakaanza kutiririka kwenye ndoo, akapita nao kila pembe. Kisha akaongeza maji safi yaliyolala kwenye pipa.

Jike alikuwa hai. Mimi nikashangilia, nikasema tumemaliza. Baba akasema bado, vitoto vya minyoo vimebaki, inabidi kurudia baada ya wiki kama tatu. Wiki tatu! Niliona ni adhabu. Yeye alienda kazini, akarudi, akakaa kwenye kigoda chake, hakulalamika hata mara moja. Jike akaanza kula. Mgongo ukajaa.

Siku chache baada ya dawa ya pili, alfajiri Baba anajiandaa kwenda zamu, nikamsikia anacheka peke yake. Nikakimbia. Kwenye majani ya tangi vilikuwa vimejificha vitoto, macho matupu na vimkia vya kioo. Jike anapita taratibu juu yao, na gapi hula watoto wake, kwa hiyo Baba alikuwa ameshaanza kuvichota kwa kikombe cha chai, kimoja kimoja, kuvihamishia kwenye beseni.

"Vyenye mkia mwekundu ni vipi?" nikauliza.

"Haionekani sasa hivi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka vikue."

Gari la wafanyakazi likapiga honi nje. Baba, ambaye sijawahi kumwona akichelewa kazi, akanyoosha mkono dirishani kuwaambia wasubiri, akarudisha kikombe majini.