Mito ya Mama Ngoma

Madaktari walimpa jina la Mama Ngoma, naye hakuchukia. Tangu utotoni moyo wake ulikuwa na kilango cha kupitishia damu kilicholegea, na kila ulipopiga ulitoa mvumo ambao hata daktari mwenye usingizi angeusikia. Kwa hiyo kila mwaka, ulipofika wakati wa kuwapima madaktari wanaosomea ubingwa, kuona nani asonge mbele na nani arudie, hospitali ilimpigia simu. Alifunika cherehani yake, akavaa gauni safi, akaenda kulala kitandani wamsikilize. Sharti alilopewa lilikuwa moja tu: ajibu anachoulizwa, asimwongoze mtu.

Mwaka huu alitoka nyumbani roho mkononi.

Ilikuwa hivi. Kwa majuma kadhaa alikuwa hawezi kulala chali. Akijinyoosha tu, pumzi inambana kama mtu aliyefunikwa uso kwa blanketi bichi. Akaongeza mto, halafu mwingine juu yake. Mumewe akacheka, "Mke wangu, unajenga ghorofa?" Naye akacheka pia, maana angesema nini? Viatu vyake navyo vilikuwa vinamwachia alama miguuni. Hakumwambia mtu. Dada yake mkubwa, aliyekuwa na moyo kama wake, aliingia hospitali hiyohiyo miguu imevimba. Wakasema wanamlaza siku mbili tatu tu, apumzike. Alitoka amefunikwa shuka. Tangu hapo Mama Ngoma hakutaka hata kulisikia neno kulazwa.

Asubuhi, kabla watahiniwa hawajaingia, Profesa alikuja kumkagua.

"Mama Ngoma! Habari za tangu mwaka jana? Kuna jipya?"

"Hakuna, Profesa. Ngoma ni ileile."

Profesa akacheka, akamsikiliza kifuani kidogo, akaandika, akaenda kukaa na mtahini mwenzake. Muuguzi akaanza kushusha kitanda.

"Niinulie kichwani, mwanangu. Zaidi kidogo. Zaidi."

"Makubwa! Leo unataka ukae kama bibi harusi?"

Daktari wa kwanza akaingia, akasikiliza, akasema kilango kimelegea, akatoka. Wa pili akasema yaleyale, kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Profesa akawa anaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mama Ngoma akaanza kushusha pumzi. Bado kidogo tu, arudi kwake.

Ndipo muuguzi akamwinamia sikioni. "Anayekuja wanamwita Taratibu. Mwaka jana walimwambia arudie kwa kutomaliza ndani ya muda. Leo akianguka, anafungasha."

Taratibu aliingia. "Shikamoo, mama." Akakipasha moto kipimo chake cha kusikilizia kiganjani kabla ya kumgusa, jambo ambalo wenzake hawakulikumbuka. Akasikiliza kifua. Halafu, badala ya kumaliza, akamwomba ainame mbele, akasikiliza mgongoni, chini kabisa, kimya, muda mrefu. Akashika mguu wake, akabonyeza kwa kidole gumba. Alipoachia, shimo likabaki.

Mama Ngoma akauvuta mguu wake.

"Mama, usiku unalalia mito mingapi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Akaiona tena akilini ile shuka nyeupe, na kidole cha mguu wa dada yake kimechomoza.

"Mmoja, mwanangu."

Kijana akamtazama usoni. Yeye akatazama ukuta.

"Muda unakwisha, daktari," alisema Profesa. "Sema."

"Kilango kimelegea, Profesa. Lakini naona... naona moyo umeanza kuelemewa. Kuna maji kwenye mapafu. Mama anafaa alazwe leo."

Kulazwa. Neno lilimwangukia Mama Ngoma kama gunia.

"Mgonjwa huyu tunamfahamu miaka yote," Profesa akasema. "Hana jipya, na umemsikia, mto mmoja. Hayo maji umeyatoa wapi?"

"Labda bombani," yule mtahini wa pili akadakia.

Taratibu akajifuta paji la uso. "Huenda... huenda nimekosea."

Profesa akainua kalamu. Mama Ngoma akafumba macho, akaomba upesi upesi: Ee Mungu, na awe amekosea. Hapo hapo akashtuka. Anaomba nini? Kwamba mtoto wa mwenzake aanguke, ili yeye arudi nyumbani kukaa macho juu ya mito yake akitafuta pumzi? Na hata huyo kijana akianguka, maji yatatoka? Aliona haya mbele za Mungu wake. Hofu haikuondoka, ilikaa palepale kifuani. Akafungua mdomo nayo ikiwa palepale.

"Profesa."

"Mama, hujaulizwa."

"Niliulizwa, nikajibu uongo. Ni mitatu. Na leo nimeamkia kwenye kiti."

Profesa akaja mwenyewe, akamsikiliza mgongoni, kushoto, kulia, tena kushoto. Alipoinuka, utani wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Mbona hukuniambia asubuhi?"

"Niliogopa mtanilaza. Dada yangu mlimlaza."

Profesa akavuta kiti karibu na kitanda. "Alipoletwa, uvimbe ulikuwa umefika wapi?"

"Mapajani."

"Wako uko vifundoni, mama. Haujapanda."

Hakusema atapona. Mama Ngoma alisubiri aseme, hakusema. Badala yake akamgeukia Taratibu, aliyesimama kama mtu asiyejua atoke au abaki.

"Daktari, huyo ni mgonjwa wako. Mpeleke wodini."

Kijana akaleta kiti cha magurudumu mwenyewe. Walipofika kwenye ile korido ndefu, Mama Ngoma aliudaka mkono wake, akaukamata kwa nguvu.

"Wamekupitisha, mwanangu?"

"Sijui, mama. Hawajaniambia."

"Mimi naogopa."

"Na mimi, mama."

Mbele yao milango ya wodi ilikuwa wazi, na kitanda kimetandikwa shuka nyeupe, na mto mmoja.

"Waambie ni mitatu," akasema.