Siku Niliyomfunga Mama Mkwe

Iko siku moja ambayo haijanitoka moyoni, mwanangu, na kwa kuwa mnapanga huduma za wazee waliovurugika akili hapo Siakago, acha nikusimulie.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, mkoloni alipopambana na wapigania uhuru. Serikali ilichoma nyumba zetu kule Embu, ikatusongamanisha kwenye kijiji kimoja kilichozungukwa na handaki. Nilikuwa nimeolewa juzi tu. Mume wangu alikuwa kizuizini, nami nikaachiwa mama yake, Marigu.

Mama alianza kusahau. Kila asubuhi alishika njia kurudi boma la zamani, na walinzi walikuwa na amri ya kumpiga risasi yeyote atakayevuka handaki. Sisi wanawake tulilazimishwa kuchimba barabara kutwa. Basi nikamfunga kamba mguuni, nikaifunga kwenye mguu wa kitanda. Nilijiambia namwokoa. Hata leo naona haya kulisema.

Jioni moja nilirudi nikakuta kamba imefunguliwa, yeye hayupo. Nilikimbia hadi handakini, nikachungulia chini huku nikimwita. Hakuwepo. Nikarudi mbio, ndipo nikasikia kicheko chake kwa jirani yetu Ciarunji, mama wa makamo aliyebaki nyumbani siku hiyo kwa homa; ndiye aliyemfungua. Mama mkwe alikuwa ameketi anaambua mbaazi. Nilikaa chini mlangoni nikalia kwa furaha.

"Wewe msichana," Ciarunji aliniambia, "umewahi kumuuliza anaenda wapi?"

"La, mama."

"Anaenda kufungulia mbuzi. Anadhani wana njaa. Nimemwambia wamekwisha kula, akatulia."

Mbuzi wenyewe walikuwa wamechukuliwa zamani.

Kesho yake Ciarunji alimwendea mzee wa kijiji, akang'ang'ana naye mpaka akakubali mwanamke mmoja abaki kila siku, kwa zamu, awaangalie wazee wote wa upande wetu. Mama hakupona. Lakini hakufungwa tena, nami usingizi ukanirudia.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hamjaandika chochote, keti na mzee mwenyewe umuulize anatafuta nini. Kisha muulize anayemtunza kama yeye naye amepata usingizi. Dawa toeni, lakini pangeni pia watu wa kupokezana, maana mtu akiachwa peke yake na mzigo huo anaweza kumtesa hata anayempenda.

Mungu akupe sikio la subira, na ukifika umri wangu, akupe watu wa kukusikiliza.