Kifukofuko cha Mdogo Wangu

Usinicheke. Wengine wameshanicheka, wakasema njaa ya vita ilinipanda kichwani. Lakini haya yalitokea nyumbani kwangu, Cibitoke, na niliyaona kwa macho haya.

Mdogo wangu Yusufu alikuwa mafichoni miezi minne. Siku hizo vijana wa mtaa wetu wakikamatwa na wanajeshi hawakurudi. Jioni moja akaingia kwa mlango wa nyuma, hata salamu hakutoa. Alinyofoa majani ya mparachichi wangu uani akayala mabichi. Nilimpa maharage, akamaliza sufuria, akarudi kwenye majani. Njaa ya porini, nikajisemea. Wewe ungesemaje?

Alikula siku tano. Ya sita akajikunja pembeni mwa cherehani yangu, akaanza kujizungushia nyuzi. Niamini, hazikuwa zangu. Zilimtoka mdomoni, nyembamba, za kahawia. Lakini nimpigie nani kelele? Kabla uso haujafunikwa alisema, akiniita yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake:

"Yaya, usifungule. Ata ukiona nateseka. Ngoja mi nitoke mwenyewe."

Nikangoja majuma mawili. Kisha jirani akaninong'oneza kuwa kesho asubuhi nyumba zote zitapekuliwa. Jioni ileile kifukofuko kikaanza kutikisika. Alisukuma, akapumzika, akasukuma tena, na mimi roho ikaniuma. Nikasema nimsaidie, awahi kukimbia. Nikachukua mkasi, nikakata toka juu hadi chini.

Akaanguka miguuni pangu. Macho yalikuwa ya Yusufu. Chini ya pua palikuwa ngozi tupu, hapana mdomo. Mgongoni yalining'inia mabawa mazito, yamekunjamana kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Aliyapiga mpaka alfajiri, hayakufunguka. Hakuwa na mdomo wa kunilaumu, alinitazama tu hadi akakata roho.

Wanajeshi walipofika kupekua, nilikuwa nimeshamzika uani.

Baadaye mwalimu mmoja alinieleza habari za nondo wakubwa, wale wadudu wanaofuata taa. Kiwavi hula chakula cha maisha yote, kwa kuwa nondo mwenyewe hana mdomo wa kulia. Na kule kuhangaika kutoka ndiko kunakoyapa mabawa nguvu. Ukimkatia njia, umemuua.

Mpaka leo nondo akiingia ndani nazima taa, nakaa gizani nikilia.

Nawe, mtu wako akikuomba umwache atoke mwenyewe, mwache, hata kama moyo unakatika. Ningemwacha Yusufu, angepita juu ya mabati ya Cibitoke wale wanajeshi wakiwa bado wanafunga kamba za viatu.