Lori la Zambia na Kiingereza cha Buyenzi

Siku ile naiona hadi leo, mwanangu: lori kutoka Zambia limezimika mtaani kwetu Buyenzi, gia haziingii, dereva hajui Kiswahili wala Kifaransa. Nilikuwa kibarua kwenye gereji ya mjomba Hamisi. Fundi wa ng'ambo ya barabara alishaanza kukunja mikono ya shati. Ambaye angeelewana na dereva kwanza ndiye angepata kazi, na sisi wiki nzima hatukufungua hata boneti.

Mwenye Kiingereza pale nilikuwa mimi. Nilikisoma jioni kwa mwalimu Mkongomani, vitenzi nikavikariri vitatu vitatu kama mafiga: go, went, gone; break, broke, broken. Sasa dereva ananitazama, nami nimebana mdomo nachagua, kama mama anayegeuza ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, sokoni mmoja mmoja. Mchagua jembe si mkulima.

"We, mutoto ya dada yangu," mjomba akaninong'oneza, "unangoja nini?"

"Natafuta neno la sawasawa, mjomba."

"Apana! Sokoni unatajaka bei ya mwisho kwanza? Taja ya kuanzia. Yeye atapunguza!"

Kweli, bei ya kuanzia haijamwaibisha mtu Buyenzi. Nikataja: "Your gearbox, it has broke."

Dereva akacheka mpaka akaegemea tairi. "Broken, my friend."

"Broken," nikapokea bila kubishana. Cha bure sikatai. Nikaongeza: "Yesterday you have go far?" Akanirudishia: "Did you go." Tukapatana hivyo, neno kwa neno, mpaka giaboksi ikashushwa chini, na aliyeishusha ni mjomba.

Leo gereji ni yangu, na madereva wa nje wakiingia mtaani huulizia gereji ya mzee anayeongea. Hawasemi anayeongea vizuri. Anayeongea, basi. Sifa hiyo naivaa Ijumaa kama kanzu, na siku nyingine pia siivui.

Kwa hiyo, mwanangu, vitenzi vyako vikariri, kisha virudie, maana kwenye mtihani hakuna wa kupatana naye. Lakini usingoje viishe ndipo ufungue kinywa. Kujikwaa si kuanguka, ni kwenda mbele. Anayekusahihisha, mshukuru papo hapo. Anayekucheka, mwache amalize, akichoka atakufundisha.

Mungu akupe ulimi usio na woga na masikio yasiyo na kiburi, na popote utakapofungua kinywa, watu waulize kwa heshima: huyu ametoka wapi? Nawe uwajibu, kifua mbele: Buyenzi. Amina.